Barua ya wazi kwa Meya: tunaomba daftari la gesi lifunguliwe

Mheshimiwa Meya,

Salamu na heshima. Nakuandikia kuhusu mtambo wetu wa kufua umeme kwa gesi asilia. Ni mali ya manispaa, kwa hiyo ni mali ya kila anayelipa bili ya umeme katika mji huu.

Ombi langu ni hili: kila mwezi ibandikwe hadharani idadi ya mita za ujazo za gesi iliyoingia mtamboni na uniti za umeme zilizotoka.

Mkazi yeyote anaweza kuipiga hesabu hiyo. Mita ya ujazo moja ya gesi asilia hubeba nishati ya takriban uniti 10. Injini ya gesi iliyotunzwa vizuri hugeuza karibu asilimia 40 yake kuwa umeme, yaani uniti 4 hivi. Tukiona zimetoka 3, basi robo ya umeme tuliotarajia haipo, na tuna haki ya kuuliza: vichujio vya hewa vimeziba? Plagi za cheche zimechoka? Au injini inaendeshwa na mzigo mdogo mno?

Hilo la mzigo mdogo ndilo linaloninyima raha. Usiku matumizi yanaposhuka, injini kubwa inayofanya kazi chini ya nusu ya uwezo wake hula gesi nyingi zaidi kwa kila uniti, na sehemu ya methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia, hutoka na moshi bila kuungua. Ukipima athari yake kwa kipindi cha miaka 100, methani hupasha dunia joto zaidi ya mara 25 kuliko kaboni dioksidi ya uzito uleule. Tunasema gesi ni safi kuliko makaa ya mawe. Ni kweli, ila ni ile iliyoungua.

Sasa baraza linafikiria kununua injini ya pili. Sipingi. Lakini katika mtambo wa aina hii gharama kubwa ni gesi yenyewe, na kama mkataba unatulazimisha kulipia hata gesi tusiyotumia, wananchi waambiwe mapema.

Mita zipo na mafundi wa zamu wanazisoma. Naomba taarifa ya kwanza itoke kabla madiwani hawajapiga kura.

Wako mtiifu,
Mkazi na mlipa bili