Barua ya wazi kwa Mpokeaji Rasmi: mwenye mashua akifilisika, ukurasa wake ni wa nani?

Mheshimiwa Mpokeaji Rasmi,

Salamu kutoka Lamu. Mimi huendesha kurasa za Instagram na WhatsApp za nyumba kadhaa za wageni hapa mjini na Shela, pamoja na za manahodha wanaobeba watalii kwenda Takwa na Manda Toto. Kazi yenyewe ni kujibu jumbe, kupanga picha, na kuomba radhi upepo ukichafuka. Nakuandikia kwa kuwa ofisi yako ndiyo inayosimamia mambo ya kufilisika nchini, na kuna mali ambayo haimo katika daftari la mtu yeyote ingawa kila mfanyabiashara hapa anaijua thamani yake.

Si zamani, nyumba moja ya wageni ilielemewa na madeni, vitu vikapigwa mnada. Dalali alikuja na daftari lake akaandika vitanda vya samadari, magodoro, feni, pampu ya maji, mpaka masufuria. Akiwa anahesabu vyandarua, simu ya kazi ikalia pale mezani. Mgeni alitaka kujua kama kuna nafasi wakati wa Maulidi. Hakuna aliyeiandika ile simu, sembuse ukurasa uliokuwa ukiiletea wageni. Jioni ile kijana aliyekuwa na nenosiri akabadilisha jina la ukurasa, na wateja wa miaka wakaanza kuelekezwa nyumba nyingine. Wadai wakagawana bei ya magodoro. Dalali hakuwa mwizi, na yule kijana naye alikuwa akidai mishahara yake. Kila mtu alifanya alivyoona, maana hakuna kanuni.

Sheria ya Ufilisi ya 2015 huikabidhi mali ya mufilisi kwa msimamizi kwa faida ya wadai, lakini haisemi lolote kuhusu ukurasa wenye wafuasi. Serikali hiyo hiyo ilipotaka kodi haikupata tabu ya kuona. Sheria ya Fedha ya 2023 ilitoza asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali, na kukata asilimia 5 kwenye malipo ya wanaotengeneza maudhui mtandaoni.

Wenzetu Marekani wameshaanza kugombana kortini juu ya jambo hili. Mwaka 2015 huko Texas, jaji wa ufilisi aliamua kwamba ukurasa wa Facebook na akaunti ya Twitter za duka moja la bunduki ni mali ya kampuni, ijapokuwa mmiliki wa zamani alikuwa akichanganya humo siasa zake na mambo yake binafsi. Akaamriwa atoe nenosiri, akakataa, akawekwa ndani kwa wiki kadhaa. Mwaka 2023 huko Florida, kampuni ya kinywaji cha Bang ilivutana na mkuu wake wa zamani. Jaji akatazama mambo matatu: nani ameandikwa kuwa mwenye akaunti, nani anashika funguo zake, na inatumika kwa kazi gani. Kampuni ikashinda.

Vipimo hivyo ni vizuri kwa kampuni. Kwetu nahodha na mashua yake ni kitu kimoja. Ukurasa una jina lake, na katikati ya picha za mashindano ya mashua utakuta harusi ya bintiye. Ukiuuza, umeuza jina la mtu. Sheria yetu yenyewe inamruhusu mufilisi kubaki na vifaa muhimu vya kazi yake. Seremala ataachiwa randa na msumeno. Nahodha ambaye mashua imeshauzwa hana kifaa kingine ila ukurasa ule: kwa huo ataajiriwa kwenye chombo cha mwenzake, apate kula na kulipa. Masheikh wetu nao hufundisha kwamba mufilisi huachiwa nguo zake. Kwa kawaida sheria humwondolea mufilisi kifungo cha ufilisi baada ya miaka 3, na ukurasa uliolala miaka 3 hauna tena mtu wa kuufufua.

Lakini linaloninyima usingizi ni lililomo ndani ya zile jumbe. Fungua WhatsApp ya nyumba yoyote ya wageni hapa utakuta picha za pasipoti, majina ya watoto, saa ya ndege kutua Manda, mgeni mwenye kisukari akieleza chakula chake, na mume aliyepanga chumba kwa siri (hao wapo, tusidanganyane). Anayenunua akaunti kwenye mnada ananunua yote hayo. Mwaka 2000 duka la Toysmart la Marekani lilipofilisika lilitaka kuuza orodha ya wateja ambao lilikuwa limewaahidi kutotoa habari zao. Serikali ikalishtaki, na mwishowe orodha ikaharibiwa. Sisi tunayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Sioni kwa nini ikome mlangoni pa dalali.

Halafu kuna wenye mitandao wenyewe. Akaunti za Infowars, chombo cha mtandaoni cha Marekani, zilipokuwa zikiuzwa mwaka 2024, kampuni ya X (zamani Twitter) ilipinga kortini ikidai akaunti ni zake, mtumiaji amepewa ruhusa tu. Kwa hiyo hata msimamizi akishika nenosiri, huenda akajikuta ameshika funguo za nyumba ya kupanga.

Ninaloomba ni waraka kutoka ofisini kwako. Fomu ambayo mufilisi hueleza mali yake iwe na nafasi ya akaunti, majina ya tovuti, sarafu za kidijitali na pesa zilizobaki kwenye programu za kupokea wageni. Akaunti yenye jina la biashara ikabidhiwe msimamizi siku ile ile, kabla haijapewa jina jipya. Yenye jina la mtu ihesabiwe kuwa kifaa cha kazi abaki nayo, na wadai wakitaka kitu wakubaliane naye sehemu ya mapato. Jumbe za wageni zifutwe kabla ya mauzo yoyote, na Kamishna wa Data aulizwe pale penye shaka.

Ukipata nafasi ya kuja kutusikiliza, njoo kabla ya msimu wa wageni. Disemba hakuna nahodha atakayekaa kwenye mkutano.

Wako mtiifu,
Mwendesha kurasa, Lamu