Barua ya wazi kwa Meya: tuiteni kabla ramani haijachorwa

Mheshimiwa Meya,

Salamu kwako na kwa madiwani wote. Tumeambiwa kwamba rasimu ya mpango wa jiji wa kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi iko tayari, na kilichobaki ni kuwashirikisha wananchi kabla haijapitishwa. Kwa heshima, kazi hii imeanzia mwisho. Anayeitwa wakati kila kitu kimeshaamuliwa ameitwa kujaza viti na kusaini daftari la mahudhurio.

Kwamba sisi wa mabondeni na wa mabanda yaliyobanana ndio tunaotangulia kuingiliwa na maji, unajua. Kwamba moshi wetu ni mdogo, maana wengi hatuna gari wala kiyoyozi, unajua pia. Umelisema kwenye hotuba. Sitarudia. Nataka kusema juu ya yale tunayoyajua sisi na ambayo mshauri mwelekezi hawezi kuyaona akiwa ofisini.

Mradi wa Ramani Huria ulipoanza Dar es Salaam mwaka 2015, wanafunzi wa vyuo na wakazi waliingia vichochoroni na simu zao, wakachora mitaro, njia na majengo, na wakawauliza wenyeji maji hufika wapi mvua ikizidi. Majibu hayo hayapatikani kwa satelaiti. Satelaiti huona paa. Haioni mtaro ulioziba kwa kuwa gari la taka halipiti huko, wala haijui ni nani nyumba ya pili hawezi kutoka bila kushikwa mkono.

Na joto ni hivyo hivyo, ingawa mipango mingi hulisahau kwa sababu halibomoi daraja. Julai 1995 joto liliua zaidi ya watu 700 jijini Chicago, wengi wao wazee waliokuwa wakiishi peke yao, na katika mitaa maskini wapo waliofunga madirisha kwa kuogopa wezi. Hilo la madirisha hakuna kipimajoto kinachoweza kulisema; jirani angelisema siku ya kwanza. Ahmedabad, India, ilipatwa na janga hilo Mei 2010, joto lilipofika nyuzi 46.8; watafiti walikadiria vifo vya ziada 1,344 mwezi huo. Mwaka 2013 mji ukaanzisha mpango wake wa joto: tahadhari za mapema, mafunzo kwa wahudumu wa afya wanaopita nyumba kwa nyumba, na baadaye kupaka chokaa nyeupe mapaa ya nyumba za maskini. Ni hatua za gharama ndogo, lakini hazifanyi kazi mpaka mtu wa mtaani azibebe mwenyewe.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Mukuru, Nairobi, na nauleta pamoja na kasoro zake. Mwaka 2017 serikali ya kaunti iliitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango, yaani eneo la kuandaliwa mpango wake lenyewe. Ni mtaa wa kaya kama laki moja, sasa utawasikiliza vipi watu wote hao? Walianzia chini: kaya chache chache zikaunda kikundi, vikundi vikatoa wawakilishi, wawakilishi wakakaa na maofisa na wataalamu kuzungumzia maji, afya, nyumba na barabara. Wakazi hawakwenda mikono mitupu. Kupitia Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda nchini Kenya, walikuwa na takwimu zao wenyewe, pamoja na ushahidi kwamba maskini hununua maji kwa bei ya juu kuliko wenye mabomba. Baadaye barabara na mabomba vilianza kuingia.

Hata hivyo, baada ya mafuriko ya 2024, nyumba zilizokuwa kando ya mito zilibomolewa katika mitaa kadhaa ya Nairobi, Mukuru ikiwemo. Ndiyo maana mtaani kwetu likitajwa neno tabianchi, wengi huwaza tingatinga. Usishangae ukikuta ukumbi mtupu, Mheshimiwa. Watu wanakwepa kuorodheshwa.

Basi jambo la kwanza ninaloomba ni ahadi ya maandishi kwamba taarifa tutakazotoa kuhusu sehemu za hatari hazitatumika kutuondoa kabla hatujakubaliana tunahamia wapi, kwa umbali gani na kazi zetu, na lini. Bila hiyo, yaliyobaki ni kupoteza muda.

Ukishaitoa, tuje kwenye fedha. Tangu 1989 wakazi wa Porto Alegre, Brazil, walikaa mitaani mwao na kupanga sehemu ya bajeti ya maendeleo ya mji itumike wapi. Tengeni fungu, hata liwe dogo, ambalo kamati za mitaa zitaliamulia zenyewe: mtaro upi uzibuliwe kwanza, paa la nani lipakwe, kengele ya tahadhari akae nayo nani. Na anayepima mitaro siku nzima alipwe. Mshauri mwelekezi hafanyi kazi kwa kujitolea. Sijui kwa nini mama anayeacha biashara yake kuhesabu nyumba atakiwe kujitolea.

Mikutano nayo iwe jioni au siku ya mapumziko, karibu na tunapoishi, na mtu wa kushika watoto awepo. Rasimu isomwe kwa lugha tunayoongea, ramani ibandikwe ukutani, na kalamu ziwekwe mezani ili tusahihishe. Kila pendekezo mtakalolikataa liandikwe, na sababu yake kando. Mkataba wa Paris, ule wa mataifa kuhusu tabianchi, ibara ya 7, unataka hatua za kuhimili mabadiliko ya tabianchi ziwe shirikishi na za wazi, zikizingatia makundi yaliyo hatarini. Hatuombi hisani.

Naomba baraza lisiipitishe rasimu katika kikao kijacho. Itoeni ilivyo, pamoja na makadirio ya fedha, mtupe miezi mitatu. Tutairudisha ikiwa na masahihisho.

Wako,
Mkazi wa bondeni