Wanafunzi wa TFC wanalipia kazi ambayo masini inaifanya bure

Bwana Mhariri,

Mimi ni mama mwenye sekretaria ndogo karibu na soko la komini ya Kenya, hapa Lubumbashi. Tunaandika barua, tunatoa fotokopi, tunachapa kazi za wanafunzi. Wakati huu foleni mbele ya meza yangu ni ya vijana wa TFC, ile kazi ya kumalizia masomo ya chuo, na barua hii naiandika kwa ajili yao na kwa wenzangu wa kazi hii.

Kijana anafika na flashi yake. Orodha ya yaliyomo ameiandika mwenyewe, nukta kwa nukta mpaka kwenye namba ya ukurasa. Profesa anamwambia aongeze aya chache katika sura ya pili. Kurasa zote zinazofuata zinasogea, na kijana anamlipa mtu azihesabu upya. Profesa akisoma tena, anaomba kitu kingine, na malipo yanaanza upya. Wanaotoa hizo franka ni wazazi, wengi wao mama wanaouza mboga na samaki. Inaniuma, maana dawa yake ipo na haiuzwi.

Dawa yenyewe ni LibreOffice, programu huria ya kuandikia, iliyoanza mwaka 2010 kutoka katika OpenOffice.org. Leseni yake inamruhusu kila mtu kuitumia, kuinakili na kumpa jirani, na hakuna aliyeibiwa. Kila kichwa cha sura kipe mtindo wa « Titre 1 », vichwa vidogo « Titre 2 ». Kisha ingia « Insertion », chagua « Table des matières et index », halafu « Table des matières, index ou bibliographie », bonyeza OK, orodha itajipanga yenyewe pamoja na namba zake. Profesa akibadili maandishi, bonyeza kitufe cha kulia cha panya juu ya orodha na kuiagiza ijisahihishe. Kwa haki niseme kwamba programu za kununua nazo zinaweza jambo hilo. Tabu ni kwamba watoto wetu hawaonyeshwi.

Wengine wananiambia: mama, profesa anadai Times New Roman 12. Sawa. LibreOffice inakuja na herufi za Liberation Serif, ambazo upana wake umepimwa ulingane na wa Times New Roman, kwa hiyo mistari haikimbii kutoka mahali pake. Hata hivyo, ukipeleka kazi kuchapwa kwingine, peleka PDF. Programu inaitoa yenyewe, na ukurasa uliouona kwako ndio utakaotoka kule.

Kuhusu kuranti, yaani umeme, kila anayeishi hapa anajua inavyokatika. Ingia « Outils », halafu « Options », halafu « Chargement/enregistrement », sehemu ya « Général ». Utakuta programu imepangwa kuhifadhi kumbukumbu za dharura kila baada ya dakika 10. Punguza ziwe 2. Umeme ukikatika katikati ya kazi, ukifungua tena programu yenyewe inakuuliza kama urudishiwe ulichokuwa unaandika.

Wenzangu wa sekretaria, nanyi mna faida yenu: AutoTexte. Barua ya kuomba kazi, hati ya kukaa katika komini, mkataba wa kupanga nyumba, vyote vina maneno yale yale kila siku. Yahifadhi mara moja kwa jina fupi. Mteja akija, andika hilo jina, bonyeza F3, barua nzima inatokea. Unabaki kuweka majina na tarehe. Mzee aliyekuja kwa miguu kutoka Katuba hana sababu ya kusubiri uandike upya salamu za kwa Burugumesta, mkuu wa komini.

Naona bado tunang'ang'ania nakala zilizovunjwa za programu za kununua, zinazopita kutoka flashi hadi flashi. Nyingi zinakuja na virusi, vile vinavyoficha folda za mtu na kumwachia njia za mkato tupu. Kijana anadhani kazi yake ya mwaka mzima imepotea, analia mbele yangu. Kwenye masini yangu ya Linux, mfumo huria usio Windows, nikichomeka flashi hiyo, mara nyingi folda zake naziona pale pale, namnakilishia.

Kiswahili chetu nacho hakikuachwa nje. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, menyu zake zikiwa za Kiswahili. Na leo LibreOffice ina kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili. Barua hii imepitia humo.

Ombi langu ni kwa walimu wa informatiki wa shule zetu za sekondari: kabla mtoto hajamaliza darasa la mwisho, mfundisheni mitindo ya vichwa na orodha inayojipanga. Somo moja linatosha. Nanyi wakuu wa vyuo, ruhusuni kazi zipokelewe kwa ODT, aina ya faili ya LibreOffice ambayo ni kiwango cha kimataifa cha ISO tangu 2006, au kwa PDF. Mwanafunzi yeyote aje na flashi yake, nitamwekea programu bila franka hata moja, asubuhi kabla wateja hawajajaa.

Mama wa sekretaria,
Komini ya Kenya, Lubumbashi