Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mihadhara ya Kambakoche na Biashara Yake, Lamu

Ndugu wanachama, wazee wetu na kina mama mliohudhuria, assalamu alaykum.

Kwa mujibu wa katiba ya chama chetu, ninawasilisha taarifa ya mihadhara kuhusu kambakoche na biashara yake, kazi iliyochukua sehemu kubwa ya nguvu zetu mwaka huu. Hesabu za fedha zimo katika karatasi za mweka hazina, na kwa kuwa kamati imezipitia bila pingamizi, sitazirudia hapa.

Mihadhara yote ilifanyika msimu wa kusi, bahari ikiwa imechafuka na wazamiaji wengi wako nyumbani, na kila mara ilianza baada ya swala ya alasiri. Tulianzia mjini Amu, tukapita Shela, kisha tukavuka hadi Faza na Kizingitini katika kisiwa cha Pate, ambako kamba ndiye tegemeo la nyumba nyingi. Kamati iliamua kwamba msimu wa kaskazi usiwe na mhadhara hata mmoja, nami naona iliamua vyema, kwa maana hakuna mzamiaji atakayekaa mkekani kusikiliza habari za kamba ilhali maji yametulia na kamba mwenyewe yumo mwambani.

Sehemu ya maumbile ilipokewa vizuri kuliko tulivyotarajia. Wahadhiri walieleza kwamba kambakoche wa miamba yetu hana magando makubwa kama kamba wa Maine, Marekani, bali hujilinda kwa miiba na papasio zake ndefu za kichwani. Kwamba hukua kwa kujivua gamba. Na kwamba jike hubeba malaki ya mayai chini ya mkia hadi yaanguliwe. Vitoto vyake ni bapa kama jani, mwili wake unapitisha mwanga, na huchukuliwa na mikondo ya bahari kuu kwa miezi kadhaa kabla ya kurejea miambani.

Kwa hiyo wakahimiza jike mwenye mayai aachwe majini, na hapo ndipo mzee mmoja wa Kizingitini alipouliza swali ambalo kwa maoni yangu lilizidi mhadhara wenyewe. Ikiwa vitoto huchukuliwa mbali kiasi hicho, alisema, mimi nitamwachia nani huyu jike mwenye mayai, nami sijui watoto wake watakulia Kiwayu, Malindi au Somalia? Swali lake lina uzito, kwa sababu mbele ya pwani yetu mkondo wa Somalia hubadili mwelekeo kwa majira: wakati wa kusi huelekea kaskazini, na wakati wa kaskazi hurudi kusini na kukutana na mkondo utokao upande wa Tanzania. Mhadhiri alimjibu kwamba kwa sababu hiyo hiyo, kamba anayevuliwa hapa leo huenda alitagwa na jike aliyeachwa na mvuvi asiyemjua. Wapo waliotikisa kichwa, na mjadala uliendelea hadi adhana ya magharibi.

Kuhusu biashara, tulilinganisha uvuvi wetu na ule wa Maine, na jambo hili nimelifikiria sana. Kule kamba huingia mitegoni kufuata chambo, na mvuvi humpima gamba la mgongo akiwa chomboni. Aliyepungua milimita 83 hurudishwa majini, na aliyezidi milimita 127 hurudishwa vilevile. Jike mwenye mayai hukatwa alama ndogo mkiani, na mvuvi mwingine akimpata baadaye humwacha hata kama hana mayai. Vijana wa Faza waliuliza kwa nini nasi tusitumie mitego. Jibu ni kwamba kambakoche mwenye madoa, ambaye ni wengi katika mavuno yetu, ni mgumu kuingia mtegoni. Kwa hiyo wazamiaji wetu humfuata pangoni kwa pumzi zao wenyewe, na wengine humtisha kwa pweza aliyefungwa kwenye ncha ya fimbo ili atoke.

Basi kwetu kipimo hakiwezi kungoja chomboni. Aliyechomwa kwa mkuki amekwisha kuuawa kabla hajatazamwa kama ni mdogo au ana mayai, na mnunuzi naye humshusha bei, kwa sababu soko zuri ni la kamba aliye hai. Bunduki za kuvulia samaki zimepigwa marufuku nchini tangu 2001, lakini mkuki wa mkono bado unaonekana. Alama ya mkiani siiungi mkono kwa sasa, maana wanunuzi wetu wangeihesabu kuwa kasoro na hasara ingemwangukia mvuvi.

Nakiri kwamba mihadhara iliyohusu sheria peke yake ilikuwa na wasikilizaji wachache, na ile iliyofanyika karibu na mizani, mnunuzi akiwepo, ilijaa hadi watu wakasimama nje. Vilevile, wasikilizaji walimwamini zaidi mzamiaji mwenzao kuliko mgeni mwenye picha ukutani, hata pale wote wawili waliposema neno lile lile. Kina mama wanaohifadhi na kupeleka kamba hotelini waliomba mhadhara wao wa namna ya kumweka kamba hai hadi afike sokoni, nasi hatukuwapa. Hilo liwe la kwanza msimu ujao.

Kamati inapendekeza kwamba wahadhiri wa msimu ujao wa kusi wachaguliwe miongoni mwa wazamiaji wenyewe, wakisaidiwa na vikundi vya usimamizi wa fuo. Kwamba kila mhadhara uonyeshe jinsi ya kumtoa kamba pangoni bila mkuki. Na kwamba wanunuzi waalikwe kwa barua ya chama. Mapendekezo haya yatapigiwa kura mara baada ya katibu kusoma kumbukumbu za mkutano uliopita.