Mmeichapisha siri ya watoto

Ndugu Mhariri,

Nimekuwa msomaji wako miaka mingi na sijawahi kukuandikia, hata pale mliponiudhi. Safari hii nimeshindwa kunyamaza. Nazungumzia habari yenu ya ukurasa mzima, toleo la mwisho wa wiki, kuhusu watoto wagonjwa na wenye ulemavu wanaofundishwa mazingaombwe. Bila shaka unaikumbuka: picha kubwa ya mtoto aliyenyonyoka nywele kwa dawa za saratani, na pembeni yake kisanduku chenye michoro minne inayoeleza, hatua kwa hatua, jinsi sarafu inavyopotea mkononi.

Kisanduku hicho ndicho kilichonikasirisha. Mwandishi wenu alikaribishwa darasani kwa heshima. Akaonyeshwa mchezo ambao watoto wale wameusotea wiki baada ya wiki, kisha akaja kuuanika mbele ya wasomaji wote kana kwamba anaeleza namna ya kufunga tai. Hakuna aliyemruhusu. Watoto hawakuulizwa, na mwalimu wao alijua kilichotokea alipoletewa gazeti.

Mtoto wa mdogo wangu yumo katika darasa hilo. Ana miaka 11. Alizaliwa na mtindio wa ubongo ulioudhoofisha upande mmoja wa mwili wake. Mkono wa upande huo hujikunja, dole gumba huzama ndani ya vidole, na kiganja hupenda kutazama chini. Watoto wa namna hii hugundua mapema kwamba kazi huenda upesi wakitumia mkono ulio mzima peke yake, basi ule mwingine wanauacha, na ubongo nao unazoea kuusahau. Ipo tiba ya kuufunga mkono mzima kwa glovu au bendeji ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi. Inawasaidia wengi na siikashifu. Lakini binti yetu alikuwa akilia kila glovu ilipotolewa mkobani, akiuliza mkono wake mzuri umekosa nini.

Mazingaombwe hayamfungi mkono. Yanaitaka mikono yote miwili, na kila mmoja upewe kazi yake. Ukitaka kumwonyesha mtu kuwa kiganja chako ni kitupu, sharti ukigeuze kitazame juu. Na kugeuka huko ndiko kugumu kuliko karibu yote kwa mkono kama wake. Kamba haifungwi fundo kwa mkono mmoja. Karata hazichanganywi huku mkono wa pili umelala pajani. Juu ya hapo lazima akumbuke mpangilio, azungumze wakati vidole vinafanya jambo jingine, na ainue uso awatazame watu machoni, yeye ambaye alizoea kutazama sakafu. Mtaalamu wa tibakazi, yaani tiba ya kumrudishia mtu uwezo wa kufanya shughuli za kila siku, alimwomba afungue na kufunga vifungo vya shati mara kumi, akagoma mara ya tatu. Mchezo wa sarafu aliurudia jioni nzima mpaka tukamnyang'anya taa, kwa sababu alitaka kumshinda kaka yake.

Haya hayakuanza jana wala si mzaha wa mtu mmoja. David Copperfield, mwanamazingaombwe wa Marekani, alianzisha Project Magic mwaka 1982 pamoja na wataalamu wa tibakazi wa hospitali moja huko California, na hospitali nyingi za nchi nyingine zikafuata. London kuna Breathe Magic, ambako wataalamu wa tibakazi na wanamazingaombwe wa chama cha Magic Circle huwakusanya watoto waliodhoofika upande mmoja kwa mazoezi ya saa 60 ndani ya wiki mbili, kwa msingi wa tiba ya mikono miwili iliyofanyiwa utafiti katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Mwishoni watoto wenyewe hupanda jukwaani mbele ya watazamaji. Cape Town, Afrika Kusini, kuna College of Magic, iliyofunguliwa mwaka 1980, inayofundisha vijana wakiwemo wengi wanaotoka katika mitaa ya watu maskini. Mwandishi wenu hakugusa hata moja kati ya hayo. Ukurasa mzima aliupamba kwa habari za watoto "kusahau maumivu kwa muda", na nyinyi mkauweka kwenye burudani. Watoto hawa hawasahau chochote wakiwa darasani. Wanafanya kazi.

Sasa nirudi kwenye siri, maana nadhani hapo ndipo hamkuelewa kabisa mlichokifanya. Mtoto anayeishi kwa kuingia na kutoka hospitali hana kitu anachokijua peke yake. Mwili wake umeandikwa faili zima. Madaktari husimama miguuni pa kitanda na wanafunzi wao, wakamjadili yeye yupo na anasikia. Muuguzi anajua ameenda haja lini. Jamaa wakija kumtazama huulizana habari za mguu wake juu ya kichwa chake, "anatembea sasa?", na hata jina lake wanamuuliza mama, yeye mwenyewe ameketi hapo hapo. Kila anayeingia anajua zaidi yake. Halafu siku moja mtu anamfundisha jambo ambalo daktari halijui. Daktari anainama, anatazama, hauoni mchezo umefanyikaje, anauliza, "Umefanyaje?" Na mtoto anakataa kusema. Anakataa! Hajawahi katika maisha yake kumnyima mtu mzima jibu na mtu mzima akalazimika kukubali. Nimeiona sura ya binti yetu wakati huo, na nakwambia, Mhariri, hakuna dawa waliyompa iliyomsimamisha vile. Ni hicho mlichokichukua. Magic Circle, chama kilichoanzishwa mwaka 1905, kinaweza kumfukuza mwanachama wake akitoa siri hadharani, kwa sababu watu wazima wanafahamu kwamba siri ndiyo mali yao. Mali ya watoto hawa mmeigawa bure, pamoja na michoro, na kwenye intaneti mmeiweka ili hata asiyenunua gazeti aipate.

Jumapili iliyofuata tulikuwa wengi nyumbani. Binti akaomba kimya, akasimama mbele yetu na sarafu yake. Alikuwa ameandaa maneno ya kuanzia, na aliyasema bila kukwama. Mjomba wake, ambaye ni kaka yangu na si mtu mbaya, alikuwa amewasoma. Kabla mtoto hajafika mwisho akapaza sauti, "Ah, huu naujua, umo gazetini!" Akaeleza mchezo wote kama mlivyouandika, kisha akanyoosha mkono, akamshika, akamfunua vidole. Sitaandika ni mkono upi; waliosoma kwenu wanajua, na wasiosoma wasijue kupitia kwangu. Watu wakacheka. Hawakumcheka yeye, walicheka tu kama watu wanavyocheka mchezo ukiharibika. Lakini mtoto aliurudisha nyuma ya mgongo ule mkono dhaifu, pale pale alipokuwa akiuficha kabla ya kuanza darasa, na tangu siku hiyo hajaigusa sarafu. Usiku aliniuliza, "Mama mkubwa, kwa nini waliandika?" Sikuwa na jibu. Nakuuliza wewe.

Na tukiwa bado kwenye ukurasa ule, hebu tazama tena picha yenu. Nani aliridhia ipigwe? Mtasema mzazi. Mzazi gani anayekaa wodini kwa mwezi mzima, amechoka, anadaiwa, akaja mtu na zawadi na mpiga picha, anaweza kusema hapana? Anaogopa kuonekana hana shukrani. Mtoto yule akipona, na namwombea apone, picha hiyo itamfuata mpaka siku anapoomba kazi. Wageni wa namna hii ni wengi: wanakuja na fulana zilizochapwa majina yao, wanakaa muda wa kutosha kupigwa picha, wanaondoka hata majina ya watoto hawayajui. Katika picha yenu kuna maputo yamefungwa kwenye nguzo ya kitanda. Je, mwandishi wenu aliuliza kama wodi ile ina watoto wenye mgongo wazi, yaani waliozaliwa uti wa mgongo haujafunga sawasawa? Wengi wao huupata mzio wa mpira wa asili, kwa sababu tangu uchanga wamefanyiwa upasuaji na kuwekewa mirija tena na tena, na mzio huo ukiwa mkali unaweza kuziba pumzi. Nimeshuhudia muuguzi akikimbia kuyakusanya maputo aliyogawa mgeni mmoja, na mgeni akanuna, na wazazi wengine wakamwona muuguzi ana roho mbaya. Vivyo hivyo wale wanaogawa vifaa vya mazingaombwe vyenye sumaku ndogo ndogo: mtoto akimeza mbili, zinavutana kutoka sehemu mbili za utumbo na kuutoboa. Mwalimu wa darasa letu anayajua haya. Ana karata zinazofutika kwa dawa ya kuua vijidudu, na kabla ya kitu chochote cha mpira kuingia darasani anawauliza wazazi. Hilo lingekuwa na faida kwa wasomaji kuliko michoro yenu minne.

Jambo jingine dogo. Mwandishi wenu alishangaa kwamba watoto hawa "wanaweza". René Lavand wa Argentina alipoteza mkono wa kulia akiwa na miaka 9, akawa miongoni mwa mabingwa wakubwa wa karata duniani kwa mkono wa kushoto peke yake, mpaka alipofariki mwaka 2015. Matthias Buchinger, aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1674 bila viganja wala miguu, aliwafanyia watu wa tabaka la juu mchezo wa vikombe na gololi. Mshangao wenu umechelewa karne tatu.

Ninachotaka ni hiki. Kisanduku kiondolewe kwenye tovuti yenu leo, si baada ya kikao. Toleo la mwisho wa wiki lijalo, ukurasa ule ule, mwandike darasa hili ni la nini, bila picha ya mtoto yeyote. Mchezo wa sarafu umeshaungua, kwa hiyo mwalimu itabidi awafundishe mwingine kuanzia mwanzo. Muda wake huo mlipieni nyinyi. Naye mwandishi wenu ajifunze mchezo mmoja kwa mkono asiouandikia, aje auonyeshe mbele ya watoto wale wakiwa wameketi na yeye amesimama, nao wawe huru kusema wameona kitu kilipofichwa. Wakiona, arudi nyumbani akafanye mazoezi, aje tena. Siku watakaposhindwa kumkamata ndipo awaombe wao, si wazazi wala uongozi wa hospitali, ruhusa ya kuandika habari zao. Wakimkatalia, imekwisha.

Darasa hukutana kila Alhamisi alasiri. Asije na kamera.

Ni mimi,
Mama mkubwa wa mwanafunzi wa darasa hilo
(Jina langu naomba lisichapwe, maana mtoto atatambulika.)