Mwanangu kakoseshwa swali la msuguano, gari yake ikamtetea

Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua, ntajitahidi nisikuchoshe. Binti yangu karudi na karatasi ya mtihani wa sayansi, kuna swali linauliza msuguano una kazi gani, yeye kaandika "unasaidia gari kwenda", kapigwa kosa kwa wino mwekundu na pembeni pameandikwa "msuguano unazuia mwendo". Akaniuliza, baba, kwani nimekosea wapi? Nikataka kumwambia mwalimu ndo anajua, ila nikakumbuka ana kigari chake kile cha kuvuta nyuma, ukikiachia kinakimbia chenyewe, nikasema hebu kilete.

Tukaanza na sakafu ya kawaida, kikachomoka mpaka chini ya kochi. Halafu nikachukua trei ya plastiki nikaipaka mafuta (mama yake akapita, akatuangalia, akaguna, akaendelea na safari yake). Tukakivuta kile kile, tukakiachia juu ya trei. Tairi zikalia zzzzz zinazunguka kwa hasira na gari ipo pale pale, imesogea kidogo tu inaserereka kwa ubavu. Mtoto alicheka mpaka akakaa chini, lakini akaelewa: tairi linaisukuma sakafu kwa nyuma, sakafu nayo inalisukuma tairi kwa mbele, na kinachowashikanisha hao wawili ni msuguano. Ukiutoa injini inabaki kupiga kelele tu. Hiyo ni sheria ya tatu ya Newton ya tangu 1687, watoto wanaikariri "kila kani ina kani pinzani" halafu tairi hawajawahi kuonyeshwa.

Sasa sisemi mwalimu kakosea kabisa, hapana. Tukaegemeza ubao kwenye vitabu, gari ikateremka, kwenye vigae inakwenda mbali, kwenye taulo inakata pumzi mapema. Tukazifunga tairi kwa selotepu zisizunguke, ikagoma hata kuanza kuteremka mpaka tulipoongeza vitabu, maana kitu cha kuburuzwa kinasuguana zaidi kuliko cha kubingirika. Kwahiyo kuzuia kweli unazuia. Ila ni msuguano huo huo, leo unasukuma kesho unasimamisha, na jibu la mtoto lilikua nusu ya ukweli kama lilivyokua la mwalimu, tofauti ni nani kashika kalamu nyekundu.

Kilichonishtua mimi mwenyewe ni hiki. Kwenye zulia, tulipopandisha kimo cha ubao mara mbili, gari ilienda mbali kama mara mbili hivi. Nikadhani basi na spidi imeongezeka mara mbili, kumbe la, ili ifike chini na spidi mara mbili inabidi kimo kiwe mara nne, na umbali wa kusimama nao unakua mara nne. Ihamishe hiyo barabarani: kwenye lami kavu gari ya kilomita 50 kwa saa ikikanyagiwa breki za nguvu inahitaji kama mita 14 kusimama, ya 100 sio 28, ni kama 56, na hapo sijahesabu mita inazokula kabla mguu haujafika kwenye breki. Madereva wangapi wanalijua hilo, na wote walisoma msuguano shuleni!

Najua ntaambiwa maabara hakuna, stopwochi hakuna. Galileo, yule mwanasayansi wa Italia, alibingirisha mpira wa shaba kwenye mfereji wa ubao ulioinama, na mwaka 1638 akachapisha kwamba muda alikua anaupima kwa maji yanayochuruzika kwenye glasi, anayapima uzito kwenye mizani. Sisi tulikua na futi kamba na simu, tena futi yenyewe imekatika mwanzoni ikabidi tuwe tunatoa sentimita 3 kila tukipima.

Ombi langu kwa walimu ni hilo swali liulizwe hivi: hapa msuguano unasukuma upande gani? Mtoto achore mshale. Akikosea mshale utajua kakosea wapi, sio ile ya "unazuia mwendo", hata kasuku anaiweza.

Ile alama moja hatuidai. Ila binti kaniambia Jumatatu anaenda na gari shuleni, na trei kaishaiosha kaiweka kwenye begi, mafuta ndo nimemkatalia.

Mzazi msomaji wako