Mchungaji nampenda na kanisa nalipenda, ila kiwanja kiandikwe jina la nani?

Bwana Yesu asifiwe wapendwa, na wale mnaosalimiana Tumsifu Yesu Kristo nawasalimu pia. Mi ni mama wa watoto wawili naishi huku Chanika, nje ya mji wa Dar, nauza vitenge na mashuka natembeza maofisini. Naandika kwa sababu kuna jambo linaninyima usingizi na kanisani kwetu hamna mtu naweza kumwambia likabaki hapo, kanisa lenyewe dogo, ukikohoa mbele wa nyuma anajua. Naomba hasa mliowahi kuwepo kwenye kanisa tangu siku ya kwanza mnishauri, na msinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, niambieni kama lilivyo.

Kanisa letu lilianza 2021. Mchungaji alitumwa na kanisa mama kuja kufungua kazi huku, akaja na mama mchungaji na watoto wao, hana mshahara wala nyumba ya kanisa, siku za kazi anachomelea mageti na grili za madirisha ndo wanakula. Tulianzia sebuleni kwake, tukajaa mpaka watu wanakaa barazani, ndo mama mmoja mpendwa akatuachia eneo lake tuweke turubai kwa muda. Mpaka leo tupo hapo, tumeongeza mabati upande mmoja tu. Masika ikishika ibada inakuwa vita, maji yanapita chini ya viti, vijana wanakimbilia spika na kinanda kuvifunika, akina mama wanapandisha watoto kwenye mabenchi, mahubiri hayasikiki kwa kelele ya mabati, mchungaji anasema basi tuimbe, na tunaimba kweli mpaka mvua inakatika. Mi sijawahi kumsikia Mungu karibu yangu kama kwenye zile mvua. Nawaambia hivi ili mjue siandiki kama mtu anayetafuta sababu ya kuhama kanisa.

Utumishi wangu ni daftari la sadaka. Nilisoma uhasibu ngazi ya cheti, mchungaji alipojua akaniita akaniombea akanikabidhi kaunta buku mbele ya kanisa zima, na niliipokea kama wito, sikuipokea kama kazi ya ofisini. Ibada ikiisha tunakaa na shemasi mmoja kijana kwenye meza ya plastiki nyuma ya turubai tunamwaga kapu. Sarafu tunapanga, mia mbili upande huu, jero upande huu, noti tunazinyoosha maana nyingine zimekunjwa zikawa kama gololi. Kuna bibi mmoja anakaanga mihogo kituoni, huyo kila Jumapili analeta bahasha ya kaki, ni ile ile moja, ameandika kwa peni nyekundu KIWANJA CHA BWANA, ndani kuna elfu mbili. Tukishatoa hela namrudishia bahasha yake, Jumapili inayofuata inarudi, saivi imechakaa pembeni ameibandika na selotepu. Kila nikiiandika ile elfu mbili najua amekaa kwenye moshi na jua kiasi gani kuipata, na ndo maana hili jambo siwezi kulichukulia kirahisi.

Sasa shida ni hii. Tukimaliza kuhesabu tunamkabidhi mchungaji na yeye anaziweka kwenye simu yake. Wanaotoa kwa simu nao wanatuma kwenye namba hiyo hiyo, na ndo namba wateja wake wa magrili wanayomtumia advansi. Mwanzoni haikuwa tatizo kwa sababu sadaka zilikuwa ndogo na mara nyingi yeye ndo anaongezea, turubai alilipa yeye, kinanda alilipa nusu, kijana wa kwaya alipofiwa na baba yake gari la kwenda msibani alitafuta yeye. Kwenye daftari langu kuna ukurasa nimeandika juu "Mchungaji anatudai" na haujawahi kufika sifuri, na hajawahi kudai hata mara moja. Kwahiyo naomba asitokee mtu hapa akasema huyo ni tapeli kama wale tunaowasikia, mimi ndo ninayeshika vitabu, najua. Huyu baba ni mtu wa Mungu.

Ila saivi tuna kiwanja. Ni kiwanja cha kawaida, ndani ndani huko, muuzaji anataka milioni tisa na sisi tumeshafikisha sita na kitu, zote zimepita kwenye simu ile. Watu wametoa jamani, kuna fundi ametoa cherehani, kuna aliyeuza mbuzi. Muuzaji anataka tumalizane mwisho wa mwezi tukaandikishane serikali ya mtaa mbele ya mwenyekiti, na mchungaji akasema mkataba uandikwe jina lake, kwa sababu kanisa letu huku halijasajiliwa kivyake na hatuwezi kusubiri mambo ya makaratasi muuzaji asije akapata mteja mwingine.

Nikamuuliza kaka mmoja mwanasheria ninayempelekeaga mashuka ofisini kwake, sikumtajia kanisa. Akanieleza kwamba kanisa linasajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya pale Wizara ya Mambo ya Ndani, lakini ardhi haishikwi na kanisa hivi hivi, inashikwa na wadhamini, ile bodi ya wadhamini inayosajiliwa RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini wa serikali) kwa Sheria ya Wadhamini, Sura ya 318. Kama nyie ni tawi basi kanisa mama likiwa na wadhamini wake kiwanja kinaandikwa kwa hao. Af akaniambia neno ambalo sijalala vizuri tangu nilisikie, kwamba kikiandikwa jina la mtu binafsi basi mbele ya sheria ni mali yake, siku akifariki kinaingia kwenye mirathi, na warithi wake hawana sababu ya kujua kuna bibi wa mihogo alichangia. Mchungaji wetu ana presha na sukari. Ana ndugu wengi tu ambao hata wokovu hawautaki.

Nilimwendea. Sikupita kwa watu, nilienda nyumbani kwake jioni nikamkuta na mama mchungaji wanachambua mchicha, nikapiga magoti nikasalimia, nikaongea kwa heshima zote. Nikasema baba, naomba vitu viwili, tufungue akaunti ya benki yenye watu watatu wa kusaini, na kiwanja kisubiri mpaka tuongee na wadhamini wa kanisa mama. Nikamwonyesha 2 Wafalme 12, pale kuhani Yehoyada alipotoboa tundu kwenye kifuniko cha kasha akaliweka kando ya madhabahu, na kwenye mstari wa 10 hela zilipokuwa nyingi anakuja mwandishi wa mfalme pamoja na kuhani mkuu, wanahesabu wote wawili. Mchungaji hakukasirika. Alichukua Biblia yake akasoma sura hiyo hiyo akashuka mpaka mstari wa 15, kwamba wale waliokabidhiwa fedha za mafundi hawakudaiwa hesabu, kwa kuwa walitenda kwa uaminifu. Akafunga, akaniambia "binti yangu, wewe umenionaje?"

Nilikosa jibu. Mpaka leo nalitafuta jibu la lile swali, kwa sababu nikisema nimekuona mwaminifu basi anasema yameisha, na nikisema kitu kingine nitakuwa namdanganya na kumuumiza.

Af akanifungulia moyo wake, na hapa ndo nimekwama kabisa. Akasema kanisa mama akiwaandikia kiwanja, kesho wanaweza kumhamisha wakamleta kijana kutoka chuo cha Biblia, na yeye amechimba msingi kwa mikono yake. Na siyo kitu cha kufikirika, ameshaona wenzake wakihamishwa hivyo, wameacha majengo wamebaki na mabegi. Akasema nikiwa na kiwanja mkononi hawawezi kulivunja kundi. Wapendwa, mi nikamwelewa. Huyo mtu ana miaka karibu sitini, hana pensheni, watoto wake wanasoma kwa hela ya kuchomelea. Nani anamfikiria? Sisi tunaomba mchungaji asishike hela lakini posho hatujawahi kumpangia, na hilo naona ni deni letu sisi washirika na watu hawalisemi. Paulo anaandika kwa Wafilipi kwamba ni wao peke yao waliomsaidia alipotoka Makedonia, na lilikuwa kanisa changa kama letu tu.

Lakini Paulo huyo huyo alipokusanya mchango wa watakatifu wa Yerusalemu, mchango ambao yale makanisa ya Makedonia yalitoa yakiwa kwenye umaskini mkubwa, hakuubeba peke yake. 2 Wakorintho 8 inaonyesha makanisa yalimchagua ndugu wa kusafiri naye, na anasema wazi anajihadhari mtu asije akawalaumu juu ya karama ile, anaangalia yaliyo mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Huyo ni mtume aliyeyaanzisha makanisa hayo mwenyewe! Kama kuna mtu angesema mniamini ni yeye, na wala hakusema. Hapo ndo roho yangu inaposimama na siwezi kuihamisha.

Mimi nimekulia Moravian huko Tukuyu, mama yangu alikuwa mzee wa kanisa. Ibada ikiisha wazee wanahesabu pamoja wanasaini, Jumapili inayofuata kwenye matangazo inasomwa sadaka ilikuwa shilingi ngapi na mnada wa ndizi ulileta ngapi, na mchungaji amekaa pale pale anasikiliza. Hakuna aliyeona mchungaji anachunguzwa. Ila nikilisema hili kwetu naambiwa hayo ni mambo ya dini, sisi tunaenda na Roho. Sikubaliani, ila nasema tu mjue naambiwa nini.

Tangu siku ile mambo yamebadilika kidogo kidogo. Mchungaji bado ananisalimia vizuri, ila Jumapili moja alihubiri Hesabu 12, Miriamu alivyomnena Musa akapigwa ukoma, sijui kama alinilenga au lilikuwa somo lake tu, ila nilihisi viti vyote vimenigeukia. Mama mmoja wa maombi akasema kwenye kikao, akicheka, kwamba hata Yuda ndo alikuwa anashika mfuko. Nilienda kulia kwenye choo cha jirani. Na kinachoniumiza zaidi ya maneno ya watu ni kwamba siabudu tena. Watu wanainua mikono mi naangalia kapu limefika safu ya ngapi. Mchungaji akitangaza changizo nahesabu vichwa. Zamani nilikuwa nawahi kabla ya wote nafagia mchanga na kupanga viti huku naomba, nilikuwa na furaha ambayo sikuinunua popote, saivi nafagia ili nimalize. Mume wangu, ambaye bado anasali Moravian na ananiheshimu na imani yangu, anasema rudisha daftari ubaki mshirika wa kawaida utulie. Lakini nikilirudisha na mkataba ukaandikwa jina la mtu, siku likitokea la kutokea nitamwangaliaje bibi wa mihogo?

Kwahiyo wapendwa naomba ushauri kwenye haya. Kwanza, je, nimpelekee mwangalizi wa jimbo kutoka kanisa mama, au hiyo itakuwa kumsaliti mchungaji aliyenifungulia moyo wake mbele ya mke wake? Nikipima naona nikienda huko bila kumwambia nimeua kitu, na nikimwambia kwamba naenda huenda kanisa likagawanyika hata kabla ya kiwanja, maana vijana wengi ni wa kwake.

Pili, nimewaza njia ya katikati, kwamba tukae washirika wote, tuandike muhtasari, tumpangie mchungaji posho ya kila mwezi hata kama ni ndogo, tuanze kulipa ule ukurasa wa "anatudai", na kwenye barua ya kwenda kwa wadhamini tuombe yeye asihamishwe kwa muda fulani mpaka jengo lisimame. Yaani tumtoe ile hofu kwanza ndo tuombe hela itoke kwenye simu yake. Kuna mahali mmefanya hivyo ikakubalika? Au makanisa mama hayakubali kupangiwa masharti na tawi? Na jambo kama hilo anayetakiwa kulitoa kwenye kikao ni mimi mwanamke mwenye daftari au nitafute mzee mmoja wa kiume anayeheshimika alitoe yeye? Kwetu huku najua likitoka kwangu litaitwa la Miriamu.

Tatu, nikiona mkataba umeandikwa jina lake bila hayo yote, niendelee kushika daftari au nikabidhi? Msinijibu tu "omba Mungu", naomba kila siku, mpaka nimefunga kwa ajili ya hili, sasa nataka kusikia watu.

Na kama kuna anayefanya kazi au aliyewahi kushughulikia mambo ya wadhamini RITA, naomba aniambie inachukua muda gani kanisa mama kuingiza kiwanja cha tawi na nyaraka gani zinahitajika kutoka kwetu, na kama kuna namna ya kuandika mkataba pale serikali ya mtaa ikaonekana wazi kwamba aliyesaini anasaini kwa niaba ya kanisa. Muuzaji anasubiri mwisho wa mwezi na milioni mbili na zaidi bado hatujazipata.

Mama wawili,
Chanika